Nani Amesema Nyimbo Hizi Zinafanana

Jumatatu, 10 Machi

Daftari hili nimelitoa kwenye rundo lililobaki baada ya mashindano ya insha. Calvince ameagiza kila anayefanya kazi hii ya kuweka nyimbo za zamani kwenye mtandao aandike mistari miwili mitatu kwa siku, ya kikazi. Hiyo nitamwandikia kwenye fomu yake. Humu naandika mambo yangu mimi, Rodah, mtunza maktaba ndogo ya Sotik, mke wa Kimeli, miaka hamsini na miwili, mtu asiyeweza kulala ikiwa kitabu kimerudishwa rafu isiyo yake.

Leo kanda zimefika. Katoni tatu, kanda mia tatu na kumi na mbili. Zimeletwa na Metrine, ambaye marehemu baba yake, Nyamweya, alikuwa fundi wa redio hapa mjini. Nyuma ya duka alikuwa na chumba alichokitundikia magodoro ukutani, na humo miaka ya themanini alimrekodi kila aliyejua kushika gitaa, Wakipsigis na Wakisii, wa mashambani na wa kambi za majani chai. Metrine anasema panya wameanza kuzionja, heri zikae maktaba.

Mvua bado. Kimeli ameshinda akitazama mawingu na kuyasema vibaya.

Alhamisi, 13 Machi

Calvince amekuja kutufundisha. Ni mwalimu wa kompyuta chuoni Kericho, kijana wa miaka thelathini hivi, viatu vyeupe. Viatu vyeupe Sotik, mwezi wa tatu. Nilijua tu huyu hana mtu wa kumshauri.

Ila anaeleza vizuri, nikiri. Kwanza kila wimbo tunaupa anwani yake kwenye mtandao, anwani isiyobadilika, kama namba ya shamba. Kisha tunaandika maelezo mafupi yanayounganisha anwani moja na nyingine: wimbo huu uliimbwa na huyu, mtu huyu alifanya kazi kambi hii, wimbo huu unafanana na ule. Hakuna kufungia mtu nje. Yeyote duniani anaweza kuyasoma, kuyachukua na kuunganisha ya kwake. Mtu akiwa Mulot anatafuta wimbo mmoja, viungo vinampeleka kwa mwingine ambao hakujua kama upo.

Fomu ya kufanana ina visanduku vitano: wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, uhusiano wao, umejuaje, na msemaji. Nikamuuliza kama ni lazima kujaza vyote. Akasema viwili vya mwisho vinaweza kusubiri, tusije tukakwama.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Kimeli amesimama uani akalowa kwa makusudi.

Jumatatu, 24 Machi

Kanda hamsini na tatu tayari. Nasikiliza kwa spika za kichwani mpaka Kimeli akinisemesha nyumbani namjibu kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto.

Nakiri nilikuja na dharau. Nilidhani nitasikia nyimbo zetu hapa na za Wakisii pale, nipange rafu mbili, nifunge kazi. Sasa kila siku nasikia gitaa la huku likijibu la kule. Besi ileile inayopanda ngazi tatu na kuteremka mbili. Sauti ya pili inayoingia kwa kuchelewa. Nimeandika jozi ishirini za kufanana na kila nikibonyeza kitufe nasikia raha ya ajabu. Watu wa mpaka huu wamewahi kuchomeana nyumba, na mimi mwenyewe mwaka ule nililala kanisani siku tisa. Nyimbo zao zimekuwa zikiazimana chumvi muda wote huo.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda Kapsoit kuomba ruhusa kwa Mzee Mathew Kiptanui. Ana nyimbo thelathini na nne kwenye kanda zetu na ndiye pekee kati ya wale wakubwa aliye hai. Miaka sabini na minane, mgongo umenyooka, shati limepigwa pasi. Alinikaribisha mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, akasubiri nimalize kikombe, ndipo akauliza shida yangu.

Ni mtu wa maringo. Aliniambia mara tatu kwamba wimbo wake "Lenah" uliimbwa harusini kote kutoka Kericho hadi Bomet. Lenah ni mkewe, alifariki miaka minne iliyopita. Kila Jumapili jioni mzee hukaa mlangoni na kuuimba, na majirani huzima redio. Nilipouliza aliutunga vipi, alisema tu kwamba ni wa zamani za kambini, akageuza mazungumzo. Kisha akaniimbia. Nilitoka hapo nikiwa nimemsamehe maringo yote.

Ruhusa ametoa, kwa sharti moja: "Andika vizuri. Mimi sina kitu ingine ya kuachia watoto. Ni jina tu."

Jumanne, 8 Aprili

Siku kubwa. Kanda namba 41, ya marehemu Omariba, Mkisii aliyechuma majani kambini huku Kericho, ina wimbo ambao Nyamweya ameuandika kwenye karatasi ya kanda "Nyumba Namba Tisa". Nilipousikia nilivua spika za kichwani nikatazama nyuma, nikidhani kuna mtu anacheza nami. Ni "Lenah"! Maneno ni ya Kikisii na mwendo ni wa haraka kidogo, lakini ule mstari wa juu unaoshuka polepole, ule unaofanya watu wafumbe macho, ni uleule.

"Lenah" iko kanda namba 212. Arobaini na moja huja kabla ya mia mbili na kumi na mbili, hata mtoto wa chekechea anajua. Nikajaza: "Lenah" imetokana na "Nyumba Namba Tisa". Umejuaje, nikaacha. Msemaji, nikaacha. Mama yangu alitulea tusijitangulize, na kuweka jina langu chini ya kazi za wazee wale niliona ni kujipiga kifua.

Nimefurahi mpaka nimenunua nyama.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua ya mawe. Majani chai yetu ya juu yametoboka yote. Wiki mbili bila kuchuma, Kimeli anasema.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mapumziko.

Jumanne, 22 Aprili

Nilikuwa nakamua. Kimeli alikuja mlangoni mwa zizi na redio ndogo mkononi, akaipandisha sauti.

Ni redio moja ya huku kwetu, kipindi cha asubuhi cha Kipyegon, yule anayecheka kabla ya kumaliza maneno yake. Alikuwa akisema kwamba mtandao umethibitisha wimbo "Lenah" si wa Mzee Kiptanui, ameuchukua kwa Mkisii mmoja. Akaucheza ule wa Omariba, kisha wa mzee, akacheka. Watu wakapiga simu. Mmoja akasema alishuku siku nyingi. Mwingine akasema huyo mzee arudishe pesa za harusi zote alizoimba wimbo wa watu. Wakacheka wote.

Maziwa niliyamwaga. Sijui niliyamwaga vipi, nilikuta tu ndoo imelala.

Nilifika maktaba saa mbili nikafungua ukurasa. Maneno yalikuwa yangu yote, na hakuna mahali palipoonyesha kwamba kuna mtu aliyeyasema. Yalisimama pale peke yake, kana kwamba yameshuka na mvua. Nilipiga simu kwa mzee mara sita, haikupokewa. Naona aibu mpaka kwenye mifupa.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwenda Kapsoit. Hakunifukuza. Ningependelea anifukuze.

Alinipa kiti, akanipa mursik kama mara ya kwanza, akasubiri nimalize. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, ni nani aliyesema yeye ni mwizi.

Woga ni kitu kibaya. Nilisema, "Mzee, ni mtandao."

"Huyo mtantao ni mtu wa wapi?"

Kuku walikuwa wakipita kati yetu. Nikasema ni mimi. Ni mimi niliyeandika, peke yangu, kwa mikono yangu, na sikuweka jina.

"Ungesema ni wewe," akasema. "Ningekasirika na mtu moja. Saa hii nimekasirika na tunia yote, na mimi ni mzee, sina nguvu ya hiyo."

Akaniambia gitaa amelipandisha darini. Jumapili hakuimba, kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kunong'ona kabla hata ya redio, na sasa hataimba tena. Anataka nyimbo zake zote thelathini na nne zitoke, na kanda zake apewe mkononi. Amenipa mpaka mwisho wa Mei, mvua ikipungua, atakuja mwenyewe kuzichukua.

Nilimwomba msamaha. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea kitu kisichomfaa lakini hataki kumvunjia heshima aliyekileta.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilimpigia Calvince nikamwambia futa, futa kila kitu, na kompyuta yako uje uichukue. Alifika kabla ya saa sita, amelowa, viatu vyeupe vimekuwa vya rangi ya Sotik.

Kufuta anaweza, alisema, lakini maelezo yale yameshachukuliwa na wengine, yako wazi, ndiyo maana yake. Tukifuta hapa, uongo utabaki kule bila kitu cha kuujibu. Dawa ni kuandika juu yake, hadharani, na jina. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa kijana msomi. Alisema, "Madam, kosa ni yangu. Nilikuambia hivyo visanduku viwili vinaweza ngoja. Hivyo ndio fomu yenyewe. Zingine ni urembo."

Tulikaa mpaka alasiri. Akanieleza kwamba kufanana hakuna mkubwa wala mdogo, huu ukifanana na ule basi na ule unafanana na huu, hujamkosea mtu. Lakini "imetokana" inakwenda upande mmoja, na ukiiandika umetoa hukumu, basi uwe na ushahidi. Na kila neno la kufanana linapewa anwani yake lenyewe, kama wimbo, ili iandikwe ni nani amelisema na amejuaje. Watu watatu wakisema mambo matatu tofauti, yote yanakaa, na msomaji anachagua wa kumwamini.

"Sasa wewe ulijuaje?" akaniuliza. Nikamwonyesha namba za kanda. Akaniuliza namba hizo zilitolewa kwa utaratibu gani.

Kijana huyu nilimwonea. Nimempa gambuti za Kimeli za matope arudi nazo.

Jumanne, 29 Aprili

Nimemwita Metrine nikamuuliza baba yake alikuwa akitoa namba vipi. Alicheka kwanza.

Nyamweya alirekodi siku mbili tu kwa wiki, maana siku nyingine alikuwa na redio za watu. Jumamosi aliwarekodi watu wetu, kwa sababu Jumapili tuko kanisani. Jumapili aliwarekodi Wakisii, wengi wao Wasabato, ambao Jumamosi hawagusi hata ufagio. Kila siku ilikuwa na rafu yake. Rafu ya Jumapili ilianza namba moja, rafu ya Jumamosi ilianza mia mbili. Metrine alikuwa msichana mdogo, ndiye aliyewapikia chai wanamuziki. Kanda 41 na kanda 212 huenda zilirekodiwa wiki moja, na huenda ya mzee ndiyo ya kwanza. Namba hazisemi.

Nilijipiga paji la uso mpaka Metrine akashtuka. Mimi nimezaliwa hapa. Mboga nanunua kwa Wasabato tangu nijue kutembea, na Ijumaa jioni nakimbia sokoni kwa sababu najua kesho yake meza zao ni tupu. Mgeni kutoka Nairobi angekosea ningemsamehe. Mimi nimepanga maisha yangu yote kwa siku hizo mbili za ibada, halafu nimekaa mbele ya kompyuta nikazisahau.

Jumapili, 4 Mei

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilihesabu kichwani ni jozi ngapi nyingine nilizihukumu kwa namba. Kumi na saba. Kesho naanza kuzirekebisha, moja moja, na kila moja naweka jina langu: Rodah Chelangat amesema, na alikosea, na hii ndiyo sababu.

Jumatano, 7 Mei

Nimevuka mpaka kwenda kwa Yunia, mjane wa Omariba, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara kuu. Metrine alinisindikiza kwa ajili ya lugha, ingawa Kiswahili cha Yunia ni kizuri kuliko changu.

Niliogopa zaidi kuliko Kapsoit. Huyu mama alikuwa amesikia redio. Majirani walikuja kumpongeza, mwanawe mkubwa akapiga simu kutoka Mombasa analia kwa furaha kwamba baba hatimaye ametambuliwa. Na mimi nilikuja kumnyang'anya. Nilimweleza yote, ya rafu, ya namba, ya kisanduku nilichoacha. Alikuwa akimenya ndizi mbichi na hakusimamisha kisu.

Nilipomaliza akaniambia kwamba mumewe hakuwa na gitaa kambini. Wala Kiptanui hakuwa na lake. Walikuwa na moja, walichanga. Omariba alikaa nyumba namba tisa, Kiptanui namba kumi, ukuta ni wa mbao. Jumamosi gitaa lilikuwa kwa Kiptanui kwa sababu Omariba yuko sabato. Jumapili Kiptanui akienda kanisa, lilihamia namba tisa. Siku za kazi lilikaa kwa aliyerudi kwanza kutoka kuchuma.

"Nani alianza huo wimbo, Mama?"

"Mimi sijui. Mimi nilikuwa napika. Wimbo ilikuwa tu kwa nyumba." Akafikiri. "Hata mtoto wangu wa kwanza alikuwa analala nayo. Lenah ndio alikuwa ananishikia huyo mtoto nikienda kuchuma. Na yeye akienda, mimi nashika wake." Kisha akauliza, kwa sauti nyepesi, Lenah hajambo?

Sikuwa nimejiandaa. Metrine akainamisha uso. Nikamwambia ni miaka minne sasa.

Kisu kikasimama. "Hakuna mtu aliniambia," akasema. Tangu mwaka ule wa vurugu hawakuonana, simu zilibadilika, watu walihama. Alilia bila sauti, mikono ikiwa bado kwenye sufuria la ndizi, na mimi nikalia naye, na Metrine pia. Tulikuwa wanawake watatu tunaolia juu ya chakula cha mchana cha mtu.

Tulipoondoka alinipa neno lake niliandike kwa jina lake: Yunia Kwamboka amesema nyimbo hizi zinafanana kwa sababu wenyewe walikuwa na gitaa moja, na anajua kwa kuwa aliishi hapo. Pongezi za majirani hakuzitaja.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwandikia Kipyegon wa redio. Hajajibu.

Alhamisi, 15 Mei

Jozi zote kumi na saba zimekwisha. Majani yamechipua tena, kituo cha kuuzia majani kimejaa, Kimeli anarudi na gunia tupu na uso uliojaa tabasamu.

Jumanne, 20 Mei

Nimempelekea Mzee Kiptanui kila kitu kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Neno langu la kwanza, limewekwa alama kwamba ni kosa na sababu yake. Neno langu la pili: zinafanana, nimesikia kwa masikio. Neno la Yunia. Chini, nafasi tupu: Mathew Kiptanui bado hajasema.

Alisoma polepole. Alipofika kwenye jina la Yunia kidole chake kilikaa hapo. Nilitarajia afurahi. Jina lake limesafishwa, mbele ya dunia ileile iliyomcheka. Lakini uso ulizidi kuwa mzito, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kile nilichokiita maringo labda ni kitu kingine. Mtu wa maringo angekwenda kuwasomea majirani karatasi ile. Yeye aliikunja mara nne akaitia mfukoni.

"Yunia anajua Lenah alienda?"

Nikasema anajua sasa.

"Nitakuja mwisho wa mwezi," akasema. "Kama tulivyosema."

Basi anachukua kanda zake. Njiani nilikuwa na hasira naye, nakiri. Nimefanya yote ambayo mtu anaweza kufanya.

Jumatatu, 26 Mei

Kipyegon amesoma masahihisho hewani, haraka haraka, kati ya tangazo la mbolea na matokeo ya mpira. Hakucheka, nimshukuru kwa hilo. Kutoka Kapsoit hakuna simu.

Ijumaa, 30 Mei

Nimesubiri mpaka nimefika nyumbani, nikaoga, nikanywa chai, ndipo niandike, nisije nikaharibu.

Mzee alifika saa nne, suti ya kanisani na kofia. Katoni yake nilikuwa nimeshaifunga kwa kamba. Hakuitazama. Alikaa mbele ya kompyuta, kwenye kiti cha wasomaji, akaniambia nifungue mahali pake pa kusema.

Nikafungua. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka paani hadi kwenye pipa. Kisha akaanza, akitazama kioo na si mimi.

Alisema hakuna aliyemwibia mwenzake, yeye wala Omariba. Ule mstari wa juu, ule unaoshuka, ulikuwa wa Lenah. Hakuwa mwimbaji, hata kanisani alikaa nyuma. Ila alipombembeleza mtoto wa Yunia, mgongoni, akitembea kutoka mlango wa tisa hadi wa kumi na kurudi, aliuvumisha mstari ule bila maneno, midomo imefumbwa, kwa sababu mtoto alikuwa Mkisii na yeye hakujua maneno ya kwao. Kila siku, msimu mzima wa mvua. Omariba aliusikia akautia kwenye gitaa Jumapili. Mzee mwenyewe aliusikia akautia kwenye gitaa Jumamosi. Kila mmoja akadhani ameutoa kichwani mwake.

"Mimi nilijua mwaka ingine," akasema. "Nilimsikia na mtoto yetu ya pili. Nikajua imetoka wapi. Wimbo ilikuwa tayari kwa kanda, watu wananiita mtunsi. Nikaiita jina yake. Nikafikiri hiyo inatosha." Akavua kofia. "Hakuniuliza hata siku moja. Na mimi sikumwambia. Retio iliposema mimi ni mwisi, nilifikiri wamejua."

Wiki tano nilidhani namrudishia jina lake, kumbe nilikuwa nikimrudishia mzigo. Nilimpenda mzee huyu pale pale, na nilimhurumia, na nilitaka kumkasirikia kwa niaba ya Lenah nikashindwa.

Akauliza kama wimbo usio na kanda unaweza kupewa anwani.

Sikujua. Nilimpigia Calvince, naye akasema ndiyo, wimbo ni wimbo hata kama hakuna aliyeurekodi, uandike tu. Lakini mzee alitaka kitu zaidi. Alitoa ile karatasi aliyoikunja mara nne, akaweka kidole kwenye jina la Yunia, akaniomba nimpigie. Nikaweka simu mezani, sauti juu. Walisalimiana kwa Kiswahili cha kambini, cha zamani, wakaitana jirani. Alimwomba radhi kwa kutompelekea habari za msiba. Kisha akamuuliza kama anakumbuka vile Lenah alikuwa akimbembeleza mtoto.

Yunia hakujibu kwa maneno. Alianza kuvumisha. Sauti ya bibi wa miaka sabini na kitu, imekwaruza, polepole kuliko "Lenah" na polepole zaidi kuliko "Nyumba Namba Tisa", na mstari ule ulishuka wote mpaka chini. Nilibonyeza kurekodi. Mzee alifunika uso kwa kofia yake. Alipoifunua alisema, "Ndio hiyo. Ndio yeye."

Tukajaza pamoja. Wimbo: hauna jina. Mtunzi: Lenah Chebet. Sauti iliyorekodiwa: ya Yunia Kwamboka, aliyeukumbuka. Kisha mishale miwili, kutoka "Lenah" na kutoka "Nyumba Namba Tisa", yote inaelekea kwake, na juu ya kila mmoja neno lile nililolitumia vibaya mwezi wa nne: imetokana. Kwenye msemaji alinitajia jina lake lote, Mathew Kiptanui arap Sigei, akasubiri nimalize kila herufi. Katoni ilibaki palepale ilipokuwa, kamba nimeifungua mimi mwenyewe.

Kilibaki kisanduku kimoja. Nikamsomea: umejuaje?

"Andika nilikuwa mume yake," akasema, "na nilisikia."